Magari ya kuzima moto: kwa nini Kisangani inahitaji hesabu ya miaka 20, kuanzia Simi-Simi

Moto ukishika chumba chenye godoro ya mpira, mapazia na dari ya triplex, hauhitaji hata dakika kumi kwa kula chumba chote. Mara nyingi tano zinatosha. Kisha hapo, kazi ya wazima moto, wale wengi wanaita pompié, haiko tena kuokoa ile nyumba. Ni kuokoa ya jirani, na ya jirani wa jirani.

Njo maana mkaaji wa Simi-Simi akiuliza tu kama mji wa Kisangani uko na gari ya kuzima moto, anauliza nusu ya swali. Nusu ingine ni hii: ile gari inalala wapi, inabeba maji kiasi gani, itawaka leo usiku ikiitwa, na kisha miaka 15 ni nani atakuwa amekwisha kulipa ile itakayochukua nafasi yake? Hili la mwisho linaulizwa mara chache sana. Watu wanashangilia siku gari mpya inaingia mjini, picha zinapigwa, king'ora kinapigwa mbele ya wakubwa. Siku gari inakufa, hakuna anayepiga picha.

Mtaa wenye pisti ndani

Simi-Simi inajulikana kwa uwanja wake wa ndege. Asubuhi ya tarehe 24 Novemba 1964, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville na uko mikononi mwa Wasimba, askari wa parashuti wa Ubelgiji walishuka hapo kutoka ndege C-130 za Marekani. Pisti ilikuwa imezibwa na mapipa na magari, ikabidi waisafishe kwanza kabla ndege zitue. Miaka ikapita, uwanja wa Bangboka ukajengwa mbali, kilomita 17 hivi mashariki ya mji, na Simi-Simi ikabaki hasa mikononi mwa jeshi. Lakini mji haukungoja. Nyumba ziko karibu na pisti, na mahali ndege zinatua, mafuta pia yako.

Ndege iko na sheria zake za moto, na sheria hizo zinafaa kujulikana, kwa sababu zinaonyesha namna ya kupanga magari ambayo mji ungeweza kuiga. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI kwa Kifaransa, linapima kila uwanja kwa urefu na upana wa ndege zinazotua pale. Ndege kama Airbus A320, yenye urefu wa karibu metre 38, inaweka uwanja katika kategori ya 6. Kategori hiyo inadai magari mawili ya kuzima moto, maji lita 7 900 za kutengeneza povu, na gari ya kwanza ifike kwenye mwisho wa pisti kwa muda usiozidi dakika tatu. Idadi hiyo haikutoka kwa huruma ya mtu ao kwa zawadi. Imetoka kwa kipimo cha hatari: ndege ya urefu huu inahitaji maji haya, na maji haya yanahitaji magari haya.

Kisangani inajua bei ya moto wa ndege. Tarehe 8 Julai 2011, Boeing 727 ya kampuni Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilianguka karibu na pisti ya Bangboka wakati wa mvua kali, ikashika moto. Watu zaidi ya 70 walikufa.

Kila mara soko ao nyumba inapoungua mjini, kuna watu wanauliza: kwa nini magari ya uwanja wa ndege hayaletwi? Jibu linaudhi, lakini liko wazi. Gari ya uwanja ikitoka, uwanja unashuka kategori, na ndege kubwa hairuhusiwi tena kutua mpaka gari irudi na kujazwa. Tena, kutoka Bangboka mpaka katikati ya mji, hata kwa kilomita 50 kwa saa bila kusimama, ni dakika 20. Kufika Simi-Simi, upande wa magharibi, unavuka mji wote. Gari ya uwanja iko kwa ajili ya uwanja. Mji unaoitegemea umejiandikia mkopo ambao hautalipwa siku ya shida.

Jambo hilo linagusa pia magari ya wageni. Kambi za Umoja wa Mataifa zinakuwa na magari yao ya kuzima moto kwa ajili ya helikopta na ghala zao, na miji ya mashariki imezoea kuyaomba. Lakini katika Kivu ya Kusini MONUSCO ilimaliza kazi mwisho wa Juni 2024. Kila kitu cha kuazima kinaondoka na mwenyewe.

Maji yanaisha mbele ya moto

Tuchukue gari ya kawaida yenye tangi ya lita 4 000. Wazima moto wanafungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 250 kwa dakika. Hiyo si nyingi, ni kiasi cha nyumba moja tu. Lita 500 kwa dakika, tangi inakauka kisha dakika nane. Wakaaji wanaona gari imefika, maji yametoka, kisha maji yamekwisha na moto ungali unawaka. Hasira inapanda, mawe yanatupwa, na pompié ambao hawana kosa njo wanakimbia.

Kosa liko katika hesabu. Gari ya kwanza haikujengwa kwa kuzima moto mkubwa peke yake. Ilijengwa kwa kuanza kazi huku maji mengine yakija. Nchini Ufaransa, kwa mfano, bomba la barabarani la wazima moto limepimwa kwa kutoa metre kibe 60 kwa saa, ni kusema lita 1 000 kila dakika, kwa muda wa saa mbili. Kila mtaa wa mji unapaswa kuwa karibu na bomba kama hilo, na gari inajiunga hapo.

Mahali bomba la namna hiyo halipo ao presha ya REGIDESO iko chini, mtu anaweza kufikiri robine ya nyumba itasaidia. Robine nzuri inatoa lita 15 kwa dakika. Kujaza tangi moja ya lita 4 000 kwa robine hiyo kunachukua zaidi ya saa nne.

Kwa hiyo mpango wa magari ya Kisangani hauwezi kuwa tu orodha ya magari mekundu. Unahitaji siterne, gari isiyo na ufundi mwingi, inayobeba lita 10 000 na kufuata gari ya kwanza nyuma. Kwa mfano wetu, siterne moja inaongeza dakika 20 za kazi. Na unahitaji motopompi za kuchota mtoni, sababu mji huu uko na kitu ambacho Goma ao Beni hawana: mto Kongo unapita mbele yake, na Tshopo kaskazini. Maji hayakosi. Kinachokosa ni namna ya kuyapandisha.

Hapo pia kuna mpaka wa maumbile. Pompi haivuti maji, inafukuza hewa, na uzito wa hewa ya inje njo unasukuma maji ndani ya bomba. Uzito huo hauwezi kupandisha maji zaidi ya metre kumi hivi, na kazini, saba ao pungufu. Ukingo wa mto ukiwa mrefu kupita hapo wakati maji yameshuka, gari iliyosimama juu ya barabara haitachota kitu hata ikiwa mpya kabisa. Inahitajika njia ya kushuka mpaka karibu na maji, iliyotiwa mawe ili gari ya tani kumi na zaidi isizame katika udongo. Kwa watu wa Simi-Simi, njia moja kama hiyo kwenye ukingo wa mto inaweza kuwa na faida kuliko gari ya pili. Tena njia haichakai kama gari, na haidai mazutu.

Ngambo ya Lubunga

Kuna komini moja ambayo hesabu yote ya juu haigusi. Lubunga iko upande wa kushoto wa mto, na hapa hakuna daraja. Watu wanavuka kwa pirogi, kwa baleinière, na magari kwa bac. Gari ya kuzima moto iliyolala Makiso, moto ukianza Lubunga saa nane usiku, ni sawa na gari iliyo Isiro.

Lubunga inahitaji vifaa vyake vyenyewe, vinavyolala hapo hapo. Si lazima vianze na gari kubwa. Motopompi ya kubebwa na watu wanne inaweza kutoa lita karibu 1 000 kwa dakika ikiwa iko karibu na mto. Ukiiweka juu ya remorki nyuma ya pikipiki ya magurudumu matatu, pamoja na mipira ya metre mia mbili ao tatu, inapita katika avenyi ambazo kamioni haitapita hata kwa kulazimisha. Bukavu inajua shida hiyo: nyumba za mbao zimebanana mlimani, vijia ni vya miguu, na gari inabaki chini barabarani ikiangalia moto unapanda.

Na motopompi hiyo hiyo inaweza kupakiwa ndani ya boti. Mwezi wa Aprili 2025, boti ya mbao ilishika moto mtoni karibu na Mbandaka, na watu zaidi ya 140 walikufa. Mji wenye bandari kama Kisangani hauwezi kupanga moto wa nchi kavu peke yake.

Gari inazeeka hata ikisimama

Shofere wa kamioni anapima uzee wa gari kwa kilomita. Kwa gari ya kuzima moto, hiyo inadanganya. Gari inaweza kuwa na kilomita elfu chache na ikawa mzee. Inalala na tani nne za maji mgongoni, mwaka mzima. Batri inakufa kwa kusimama. Mipira ndani ya pompi inakauka na kupasuka kama haizungushwi. Kanuni za Marekani zinazofuatwa na miji mingi zinasema matairi yabadilishwe kila miaka 7, hata kama hayajaisha. Zinasema pia gari ikipita miaka 15 itoke mstari wa kwanza iwe ya akiba, na ikipita 25 iondolewe.

Sasa uchukue hesabu hiyo na uiweke juu ya zawadi. Miji ya Ulaya inatoa magari yake ya zamani kwa miji ya Afrika, na ni jambo jema. Lakini mji wa Ulaya hautoi gari yenye miaka mitano. Unatoa ile iliyofika mwisho kwao, mara nyingi miaka 20. Kwa hiyo mji unapokea miaka mitano ya mwisho ya gari, pamoja na kazi yote ya matengenezo ambayo mwenyewe hakutaka kuifanya. Hakuna anayesema zikataliwe. Zipokewe kama akiba, na zisiandikwe katika mpango kana kwamba ni mpya.

Kuna mtego mwingine usioonekana haraka: kupokea magari manne mwaka mmoja. Inafurahisha, lakini yote manne yatakufa pamoja, na mwaka huo mji utabaki mikono mitupu. Ni afadhali moja kila miaka mitano. Hapo daima iko moja mpya, mbili za katikati, na moja ya akiba.

Halafu piesi. Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani kwa mto ni zaidi ya kilomita 1 700, na mzigo unaweza kuchukua majuma mengi. Kutoka mashariki, vitu vinapita Beni ao Bunia, Komanda, Mambasa na Nia-Nia, barabara ambayo mvua na usalama njo zinaamua siku ya kufika. Gari yenye injini ambayo hakuna garaji ya Kisangani inaijua inaweza kusimama mwaka mzima kwa kukosa kipande cha dola hamsini. Gari iliyojengwa juu ya kamioni ambazo mafundi wa hapa wanazifungua kila siku, Fuso ama Howo, itarudi barabarani kwa juma moja. Usukani pia uangaliwe: gari nyingi zinazoingia kupitia Mombasa na Dar es Salaam ziko na usukani wa kuume, na Kongo inatembea upande wa kuume. Kwa gari inayokimbia na king'ora katikati ya pikipiki na toleka, shofere asiyeona mbele wakati wa kupita mwenzake ni hatari ya pili.

Moto wa mafuta ni kitu kingine

Maji hayazimi esansi. Esansi inaelea juu ya maji na kutembea nayo, ikipeleka moto kwenye mfereji na mpaka mlango wa jirani. Wauza mafuta wa kando ya barabara, wale wanaoitwa kadhafi, wanapanga bidoni na chupa zao mbele ya nyumba za watu, na wakati wa delestaji mshumaa unawaka metre chache kutoka hapo. Kwa moto huo inatakiwa povu, ambalo linafunika mafuta na kuyakatia hewa. Povu linakuja kama dawa ya kuchanganya na maji, na liko na tarehe ya mwisho kama dawa ya farmasi. Mpango usioandika ununuzi wa povu unajenga gari isiyofaa kwa moto ulio mbaya kuliko yote.

Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange katika Kivu ya Kusini, kamioni ya mafuta ilipinduka jioni. Watu wakakimbilia kuchota, wengine walikuwa ndani wanaangalia mechi ya Kombe la Dunia. Ikawaka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Hakuna gari ambayo ingezima ule moto kwa wakati, hilo lisemwe wazi. Lakini wazima moto wenye kufika mbele ya moto wanafanya kazi ya kufukuza watu na kufunika mafuta kwa povu kabla ya cheche ya kwanza.

Feza: ya nani, na kwa muda gani

Tuweke mfano, kwa kuelewa tu. Gari moja iuzwe dola 240 000 na ikae miaka 20. Mji unapaswa kuweka kando dola 12 000 kila mwaka kwa ajili ya ile itakayofuata. Kwa magari manne ni 48 000, sawa na dola 4 000 kwa mwezi. Juu yake weka mazutu, matairi, povu, mipira, na mishahara ya watu wa kulala kazini usiku na mchana. Gari bila kikosi ni chuma tu.

Dola 4 000 kwa mwezi si mlima kwa mji wenye wakaaji zaidi ya milioni moja. Ugumu ni kwamba bajeti ni ya mwaka mmoja, na gari ni ya miaka 20. Feza iliyowekwa kando mwaka huu inaonekana, mwaka ujao, kama feza isiyo na kazi, na iko meya mpya ao shida mpya ya kuila.

Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 175, inasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa, yanayokatwa pale pale yanapokusanywa. Sheria ya Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekta na uchifu inaongeza kwamba hizo nazo zipate asilimia 40 ya ile ya jimbo. Tangu Katiba ianze, majimbo yamelalamika kwamba feza hiyo haifiki kama ilivyoandikwa. Na mameya wanateuliwa kwa amri ya Rais, hawachaguliwi na wakaaji, kwa hiyo aliyeanza mpango hana hakika ya kuumaliza, na aliyeukuta hana deni nao.

Ndiyo sababu miji mingine inaweka mpango wa magari katika andiko lenye kupigiwa kura, lisilo la mtu mmoja. Tanzania ilifanya kwa njia yake: sheria ya mwaka 2007 iliweka kazi ya moto chini ya jeshi moja la taifa, la Zimamoto na Uokoaji, pahali pa kuiacha kwa kila manispaa. Ina faida, piesi na mafunzo vinakuwa vya namna moja. Ina hasara pia: mji wa mbali unangoja zamu yake kutoka mji mkuu, na Tshopo inajua kungoja.

Daftari kwanza

Kabla ya kununua hata gari moja, kuna kitu ambacho hakidai dola nyingi. Ni daftari. Kila mwito uandikwe: tarehe, avenyi, saa ya kuitwa, saa ya kufika, lita zilizotumika, maji yalichotwa wapi, nini kiliungua. Kisha miaka miwili daftari hiyo itaonyesha kama gari ya pili inapaswa kulala Simi-Simi, Mangobo ao Kabondo. Itaonyesha pia ni mara ngapi gari ilitoka na maji yakaisha, na ni mara ngapi haikutoka kabisa kwa kukosa mazutu. Bila daftari, kila komini itavuta upande wake, na gari italala mahali mkubwa analala.

Bajeti ya mji inaingizwa ndani ya ile ya jimbo, na bunge la jimbo linaiangalia katika kikao kinachofunguliwa mwezi wa Septemba. Ni wakati ambao vyama vya mitaa, wachuuzi wa soko na wakubwa wa avenyi wanaweza kuuliza mambo yenye jibu la namba: feza ya gari itakayofuata iko mstari gani, povu liko mstari gani, na njia ya kushuka mtoni kwa upande wa Simi-Simi imepimwa na nani. Mstari ukikosa, wajumbe wa Kisangani katika bunge hilo njo wa kuulizwa, kabla kikao kifungwe mwezi wa Desemba.